Zambarau Zangu Katika Maulidi ya Bi Mwanaidi

Aibu yenyewe naikiri mapema, asije mtu akadhani nataka kujisafisha: ni mimi niliyesimama katikati ya maulidi ya kina mama, kasida ikiwa juu, nikapiga ukelele watu wasinywe sharbati, na ni mimi huyo huyo niliyeitengeneza. Haya nayakubali. Lakini mkasa huu umezunguka Mji wa Kale kwa namna tisa (nimezihesabu), na katika zote tisa hakuna hata moja inayomtaja jirani yangu Bi Sheikha kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniunguza roho hadi leo. Basi nausimulia mwenyewe, kama ulivyokuwa, na mnaonijua mtanivumilia nikisimama njiani kueleza jambo, maana mimi ni mwalimu wa bayolojia na maradhi yangu ni hayo.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla ya watu kutembea na simu mifukoni. Binti wa ami yangu, Nasra, alikuwa ameolewa na Twahir mwaka wa nane ule bila mtoto. Madaktari wa hapa waliwapima wote wawili wakasema hapa hakuna zaidi, nendeni Bombay. Wakamuuliza shekhe wao kwanza, akawaambia maadamu yai ni la mke na mbegu ni ya mume na ndoa ipo, hapana ubaya, wakaenda. Huko yai hukutanishwa na mbegu nje ya mwili, ndani ya kisahani, na baada ya siku mbili tatu hupatikana kiinitete, yaani mwanzo wa mimba, seli chache tu zisizoonekana kwa jicho. Viwili wakamtia Nasra, havikushika. Vitatu vilivyosalia vikagandishwa vimngojee. Aliporudi mara ya pili vikayeyushwa, na hakuna hata kimoja kilichotoka kizima. Nasra alinihadithia haya akiwa amekaa kitandani kwangu na buibui lake bado mwilini, hakulia, alisema tu, "Vitatu vyote, da Saumu. Vyote."

Safari hiyo ya pili wakamtoa mayai mengine, vikapatikana viinitete vinne, lakini mwili wake ulikuwa umevimba kwa zile sindano na daktari akakataa kumtia chochote mwezi ule. Vikagandishwa navyo. Ila daktari alisema mara hii amebadilisha njia ya kugandisha, sukari zaidi na subira zaidi, na kwamba wagonjwa wake wengine walikuwa wakipata vingi vizima kuliko zamani. Miezi ikapita, ikaja barua kwa faksi ofisini kwa Twahir: mwili umepoa, mrudishe mkeo mwezi ujao.

Na hapo ndipo aliposimama Bi Mwanaidi, mamake Twahir, mwenye nyumba na mwenye neno. "Barafu ishakula wajukuu zangu watatu," alisema. "Siipi wanne." Akatuma salamu kwa watu fulani Malindi wenye binti, na posa ya mke wa pili ilikuwa ipelekwe Jumatatu, akishamaliza maulidi yake ya kila mwaka siku ya Jumamosi. Twahir alipoulizwa alijibu kuwa yeye ni mtu wa katikati. Mtu wa katikati! Mke wake, mbegu zake, mama yake, viinitete vyake vinne vimelala Bombay, na yeye yuko katikati kama mpita njia aliyekuta watu wakizozana. Sitasema zaidi juu ya Twahir kwa kuwa bado ni shemeji yangu.

Nasra akanijia. "Mama hukusikiza wewe," aliniambia. "Umemsomeshea binti yake hadi akapita. Mueleze. Lakini yeye peke yake, da Saumu. Huu mtaa sitaki ujue, waniangalia tumbo tayari hata bila kujua."

Nikaapa. Naomba mlikumbuke hilo, nikaapa.

Sasa, kumueleza mtu mzima jambo asiloliona si kazi ya maneno matupu, ni lazima alione. Tabu ya kugandisha ni maji. Seli imejaa maji, na maji yakiganda hufanya sindano za barafu zinazochana kila kitu, kama vile chupa ya soda ukiisahau ndani ya friza ukaikuta imepasuka. Kwa hivyo hao madaktari kwanza hukitia kiinitete katika maji ya sukari na dawa za jamaa ya glisirini, maji ya ndani yapungue na yaliyobaki yasifanye sindano, kisha mashine hushusha baridi kidogo kidogo, na siku ya kuyeyusha pia hukiosha hatua kwa hatua. Nikafikiri: zambarau! Zilikuwa za msimu, ganda lake jembamba, maji tele ndani. Nikanunua kilo mbili sokoni Marikiti. Nusu nikazitia katika bakuli la kifuniko cheupe, maji matupu. Nusu katika bakuli kubwa la kifuniko chekundu, sukari nyingi ajabu na glisirini kutoka duka la dawa, chupa nne, kwani nilitaka tofauti ionekane hata na mtu asiyevaa miwani. (Nilijua kuwa zambarau si kiinitete. Nilikuwa nimejiandaa kulisema hilo.) Mpango wangu ulikuwa Jumamosi jioni, wageni wakishaondoka, nimkalishe Bi Mwanaidi jikoni kwake, niyeyushe mbele yake, aone za bakuli jeupe zimepasuka na za jekundu zi nzima.

Friji yangu ina kisanduku cha barafu kisichotosha hata samaki wawili. Maabara ya skuli kwetu Kizingo ilikuwa na friza safi kabisa. Lakini kuyabeba mabakuli kutoka Kizingo hadi Mji wa Kale juani, dakika ishirini na tano, nikaona ya nini, na Bi Sheikha yuko ukuta kwa ukuta na friza kubwa ya kifuniko cha juu anayotengenezea barafu za ukwaju? Uamuzi wangu mdogo ndio huo. Uvivu wa dakika ishirini na tano.

"Bi Sheikha," nilimwambia Alhamisi, kwa sauti na kwa kutamka, "haya mabakuli yangu mawili, nitayachukua Jumamosi alasiri."

"Tia tu, mwalimu," alisema. "Friza hii si yako?"

Mnaoishi Mji wa Kale mshacheka. Mnajua kuwa nyumba moja ikiwa na shughuli, mafriza ya mtaa mzima huwa ni ya nyumba hiyo. Mtu hutia barafu yake hapa, maziwa yake pale, juisi kwa fulani, na saa ikifika wanawake huingia, hufungua, hubeba. Hakuna anayeuliza cha nani, kwa sababu siku hiyo vyote ni vya shughuli. Nami nililijua hilo! Nimezaliwa humo, nimebeba majagi ya watu kwa mikono hii. Lakini kichwa changu kilikuwa Bombay, na Jumamosi asubuhi kulikuwa na mkutano wa wazazi skuli, na mzazi mmoja akaniweka saa nzima akitaka kujua kwa nini mwanawe hapendi kusoma, kana kwamba nilimzaa mimi.

Nilifika saa kumi. Friza ya Bi Sheikha ilikuwa na barafu za ukwaju peke yake. Nilizipekua mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha nikasikia dufu kutoka nyumba ya Bi Mwanaidi, na miguu ikatangulia kabla ya akili.

Juu darini walikuwa wanawake arubaini na zaidi wamekaa mikekani, ubani umetanda, mrashi wa maji ya waridi unapita. Na kila wa pili mkononi mwake ana gilasi. Na kila aliyefungua mdomo kwa kasida, ulimi wake ni wa rangi ya zambarau.

Bi Sheikha aliniona mlangoni akanikonyeza, amefurahi, kama mtu aliyenitendea wema. Baadaye nilijua alivyofanya: alilifungua bakuli jekundu, akakuta halikuganda (glisirini na sukari nyingi haziachi maji yagande sawasawa, huwa kama uji wa barafu), akaonja, akaona sharbati tayari, akatia marashi ya waridi na jagi la maji, akagawa. Hakuniuliza. Narudia, hakuniuliza.

"Yateleza hii, tamu!" mama mmoja alimwambia mwenziwe karibu na mguu wangu. "Nani kaifanya?"

"Mwalimu Saumu."

"Kumbe naye ajua kitu kisichokuwa vitabuni!"

Wapo watakaosema ningenyamaza. Nami nimejiambia hivyo kila siku. Glisirini si sumu. Lakini ukiinywa kwa gilasi nzima, tumbo haliiwachi ikae, na nilikuwa nimemsikia mjamzito mmoja akiomba gilasi ya tatu, na hapo mwalimu aliyemo ndani yangu akainuka peke yake.

"Msinywe!" nikapiga kelele.

Dufu likakatika. Kasida ikafia kwenye midomo. Wanawake arubaini wakanigeukia, na ndimi zao.

"Kuna nini?" Bi Mwanaidi aliuliza kutoka kwenye mto wake.

"Kuna glisirini."

"Glisirini gani?"

"Ile... ya dukani. Ya kujipaka."

Mngelisikia vishindo vya gilasi kuwekwa chini. "Umetulisha mafuta ya miguu?" mtu akauliza. "Katika maulidi?" Mwingine akasema, "Mimi nilisema yateleza!" Wakaanza kusema wote pamoja, na mimi, badala ya kuomba radhi nikatoka, nikafanya lile ninalolifanya darasa likiwa na fujo: nikaeleza. Nikasema glisirini si ya kujipaka tu, huzuia sindano za barafu. Nikasema zambarau zile hazikuwa za kunywewa, zilikuwa za mfano. Wakauliza mfano wa nini. Nikasema mfano wa viinitete. Wakauliza ni nini hivyo, na wallahi nilikuwa naeleza vizuri, pole pole, mpaka nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "kama hivyo vinne vya Nasra vilivyogandishwa Bombay."

Nasra alikuwa mlangoni pa ngazi na sinia la vitumbua. Hakuliangusha. Aliliweka chini taratibu, akashuka.

Na hapo tumbo la kwanza likaanza. Nyumba ile ina choo kimoja, chini, na ngazi za kupita mtu mmoja mmoja. Sitaieleza zaidi ila kusema kwamba nimeona wanawake wenye heshima zao, wake za watu wazito, wakishindana kwenye ngazi zile na mabuibui yamefungwa kiunoni, na kwamba waliokosa nafasi waliingia nyumba za jirani bila hodi. Bi Sheikha mwenyewe, aliyekunywa mbili za kuonja na moja ya kunywa, alinipita mbio akasema, "Mwalimu, Mungu akuone!"

Mimi ndiye wa kuonwa!

Kabla ya magharibi habari ilikuwa imefika Makadara, nayo imekua njiani. Muuza viazi karai aliniuliza kama ni kweli niliwanywesha watu watoto wa Nasra. Mama mmoja alinijia nyumbani analia, ameshika tumbo. "Niambie kweli, mwalimu, nimemeza mmoja?" Nikamwambia dada, umekunywa zambarau. Akaondoka hajasadiki. Na Bi Sheikha, nilipomuendea kumuuliza kwa nini, alikuwa amekaa barazani kwake, rangi imemrudia, akanijibu kwa utulivu wote, "Kilichomo frizani mwangu siku ya maulidi ni cha maulidi. Kama kilikuwa cha skuli, ungekitia skuli." Na baraza nzima ikaitikia kwa vichwa. Kibaya zaidi, kwa desturi zetu alisema haki. Nilikasirika kwa sababu hiyo hasa.

Nikarudi kwa Bi Mwanaidi, kwani hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Sikuwa na hila wala maelezo. Nilimkuta jikoni amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, amejaa uchovu, peke yake. Mbele yake sakafuni yako mabakuli yangu. Jeupe hakuna aliyeligusa, walidhani zimeoza: maganda yamepasuka, nyama imetoka, maji ya kahawia. Katika jekundu zilisalia zambarau sita saba chini, zimenywea kidogo, lakini nzima.

"Kaa," akasema. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Haya ndiyo uliyotaka kunionyesha?"

"Ndiyo, Bi Mwanaidi. Wewe peke yako."

"Haya, nionyeshe."

Nikamweleza kwa maneno machache kuliko yote niliyowahi kutumia. Alichukua zambarau moja kutoka kila bakuli, akazibonyeza. Ya jeupe ikamwagika. Ya jekundu ikarudi ilivyokuwa.

"Wale watatu wa mwanzo walikuwa kama hizi?" alinyoosha kidole kwa bakuli jeupe.

"Hapana. Walitiwa dawa nao. Lakini haikutosha. Hawa wanne wametiwa sukari zaidi, na wamegandishwa kwa kujifunza kutokana na wale."

"Na watatoka wazima?"

Ningemwambia ndiyo. Nasra alihitaji nimwambie ndiyo. "Sijui," nikasema. "Pengine wawili. Pengine wote. Pengine hakuna. Wana nafasi kubwa kuliko wale, na hilo ndilo ninalolijua."

Akajipangusa vidole. Mlango wa choo ukafungwa tena.

"Saumu," akasema, "mimi sikuziamini hizi zambarau zako. Zambarau ni zambarau. Lakini wewe umesimama darini mwangu ukawaambia watu kwamba nina wajukuu wanne Bombay wanangoja. Watu arubaini. Jumatatu nikipeleka posa Malindi, watasema nini? Watasema Mwanaidi amewaacha wajukuu zake kwenye barafu akaenda kutafuta wengine." Alinitazama kwa ghadhabu ambayo sijapata kuiona tena kwa mtu. "Umenifunga mikono mbele ya mji mzima, kwa sharbati ya mafuta ya miguu. Toka jikoni mwangu."

Nikatoka. Posa haikwenda. Mwezi uliofuata Nasra alikwenda Bombay, na aliyempeleka ni Bi Mwanaidi mwenyewe (mtu wa katikati alibaki kulinda nyumba).

Nasra hakuja kuniaga. Alikuwa amenambia neno moja tu kabla, tulipokutana kichochoroni: "Da Saumu, ningekwenda kwa furaha zaidi kama mtaa mzima haukuwa unahesabu siku pamoja nami." Nilitaka kumweleza kwamba bila aibu ile asingekwenda kabisa. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikaufunga, na katika maisha yangu ya kueleza watu mambo, huo ndio ukimya ninaojivunia.

Maana alikuwa na haki. Mimi nina hasira na Bi Sheikha kwa kuchukua kisichokuwa chake na kukigawa bila kuuliza, na nitaendelea kuwa nayo, lakini siku ile hakuwa yeye peke yake aliyefanya hivyo. Tofauti ni kuwa yeye aligawa zambarau.

Katika wale wanne, watatu walitoka wazima. Wakamtia wawili. Mmoja akashika.

Siku ya arubaini ya mtoto sikualikwa, au nilialikwa kwa namna ya kutoalikwa, sikwenda. Alasiri akaja binti wa Bi Mwanaidi, yule niliyemsomesha, na bakuli la plastiki la kifuniko chekundu. Nililitambua kabla hajafika mlangoni. Ndani lilikuwa limejaa halwa, bado ina moto.

"Mama asema uonje bila hofu," alisema, akijizuia kucheka. "Imetiwa sukari tupu."

"Na Nasra? Asema nini?"

"Nasra ndiye aliyelitafuta bakuli."

Nililiosha bakuli lile kwa mikono yangu, nikalikausha, nikaliweka kabati la juu kabisa. Kueleza nimeendelea, ni kazi yangu na ndiyo riziki yangu, ila siku hizi kabla sijaanza humtazama mwenye jambo usoni kwanza, na akitikisa kichwa, nanyamaza hata kama darasa zima limeinua mikono. Na friza nimenunua yangu, ndogo, ya kufunga kwa ufunguo. Siku za shughuli Bi Sheikha huupitia ufunguo kwangu, nami humfungulia, nikasimama pale pale na kumhesabia anachotoa.